Namba 12 zenye nilitia mu programu ya fundi

Bandugu wa lisanse, leo haiko habari ya mihogo. Niliandika programu moja ndogo ya telefone kwa vijana wenye kupenda kuunga vitu vya umeme: redio, chaja, mashine za kutotolesha mayai. Unaipa volti ya betri, unaipa aina ya taa, nayo inakuambia utie rezistansi gani. Hesabu ilichukua mistari mitatu tu. Kazi ya kweli ilikuwa kwingine, na iko na historia yenye haifundishwe sana mu auditwari zetu.

Ile mistari mitatu ni ya Georg Ohm, mwalimu Mjerumani, mwaka 1827: gawanya volti kwa mkondo, unapata rezistansi. Tuseme mashine ya mayai iko na betri ya volti 12, na ndani taa ndogo nyekundu ya LED yenye kuonyesha kama moto unawaka. LED inachukua volti 2 na inataka miliampere 20. Zinabaki volti 10, gawanya kwa 0,02, jibu ni omu 500. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Sasa enda kwa fundi mwenye sanduku ya vipande vya redio za zamani, umwambie, "Papa, nipe 500." Atakupa 470 ao 560. Ile 500 yako hana.

Juu ya nini? Jibu linaanzia mu maputo. Mu miaka ya 1870, jeshi la Ufaransa lilikuwa na ofisa injinia, Charles Renard. (Njo yeye huyu, pamoja na Arthur Krebs, tarehe 9 Agosti 1884 waliruka na chombo La France, kikazunguka hewani na kurudi pale kilitokea, jambo lenye lilikuwa bado kufanyika.) Wanasimulia kama kamba za maputo zilikuwa za ukubwa 425 mbalimbali, yeye akazipunguza mpaka 17. Hakupanga ukubwa kwa kuongeza milimita moja moja. Alizidisha kila mara kwa namba ile ile. Ni akili tupu: ukiongeza milimita moja kwa kamba nyembamba, umeibadilisha kabisa, kwa kamba nene, hata hauioni.

Nyuma yake redio ikakuja. Rezistansi za kaboni hazikuwa sawasawa. Nyingi zilikuwa na makosa ya asilimia 10, juu ao chini. Maana yake, yenye wameandika 47 inaweza kuwa kweli 42,3 ao 51,7. Ile ya 56 inaanzia 50,4. Zinapandana kidogo, hakuna pengo kati. Basi kutengeneza 50 kunasaidia nani? Namba 12 zinatosha: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82. Kisha unaongeza sifuri na kuanza tena. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, yenye tunaita IEC, ikaandika orodha hiyo mu kanuni yake mwaka 1952.

Hapa njo napenda sana. Ukimwambia mtu wa matematike aifanye, atachukua kumi, atafute namba yenye ukiizidisha mara 12 inafika kumi (ni karibu 1,21), na atapiga hatua zake. Atapata 26, 32, 38, 46 na 83 pale orodha inasema 27, 33, 39, 47 na 82. Namba tano kati ya 12 hazilingane! Programu yenye kutegemea formula tupu itamtuma fundi kutafuta 46 mu sanduku, na atatafuta mpaka usiku. Orodha ni mapatano ya watu, kwa hiyo inabidi kuiandika yote, namba kwa namba. Sisi wa agronomia tunajua jambo hili: hesabu inasema kilo 130,4 za urea kwa hektari, mama wa shamba anapima na kifuniko cha chupa.

Vyombo vya kuhesabia, navipita mbio. Rula ya kuteleza ilitumika tangu karne ya 17, mpaka HP-35 ilipotokea mwaka 1972, kwa dola 395. Januari 1975, kompyuta Altair 8800 ilitokea mu gazeti la wapenda elektroniki, Popular Electronics, ikiuzwa vipande vipande mtu ajiungie. Kumbe kompyuta ya nyumbani ilizaliwa mikononi mwa watu wa sanduku za rezistansi.

Turudi kwa mayai. Kati ya 470 na 560, ya karibu na 500 ni 470, inapitisha miliampere 21,3. Si mbaya. Lakini betri ya sola ikiwa inajazwa mchana inapanda mpaka volti 14,4. Pale 470 inapitisha 26,4, kila siku, na mayai ya kuku yanakaa siku 21. Taa ikikufa siku ya 15, mwenye mashine ataamini moto umezima, ataongeza joto, atapika vifaranga.

Njo maana programu yangu inauliza swali moja zaidi: betri inajazwa na sola? Ukijibu ndiyo, inahesabu na 14,4, inapata 620, kisha inapanda, haishuke hata siku moja. Inasema 680: bluu, kijivu, kahawia. Mchana miliampere 18,2, usiku 14,7, na jicho halioni sana tofauti. Kuna orodha ingine ya namba 24, kwa rezistansi za asilimia 5, yenye iko na 62 ndani, lakini mu sanduku za redio za zamani haipatikane kila mara. Na kama 680 pia imekosekana, inaonyesha 330 mbili zenye kufuatana: 660, miliampere 18,8.