Kufuli la michezo ya kompyuta: aliyelipa ndiye aliyefungiwa nje

Mwezi wa tisa mwaka 2008, kampuni ya Marekani Electronic Arts ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Spore. Watu waliungoja kwa miaka, kwani mtungaji wake, Will Wright, ndiye aliyetunga SimCity na The Sims. Mchezaji alianza na kijidudu majini, akakikuza hadi kikawa kabila, kisha taifa, kisha kikaruka kwenda kwenye nyota. Lakini siku chache tu baada ya kutoka, wengi waliacha kuzungumzia vijidudu. Walizungumzia kufuli.

Kufuli hilo liliitwa SecuROM, programu ya tawi la Sony lenye makao Austria. Liliingia kwenye kompyuta pamoja na mchezo, likauliza kampuni kwa njia ya intaneti kama nakala hiyo imelipiwa. Mwanzoni ilipangwa liulize hivyo kila baada ya siku 10. Wachezaji walipiga kelele mwezi wa tano, mpango ukaachwa. Ikabaki sheria nyingine: nakala moja, kompyuta tatu, basi. Mashine ikifa, au mtu akiweka Windows upya, hesabu iliweza kupungua. Ikiisha, ilibidi aombe kampuni ruhusa ya kutumia kitu alichokwisha kulipia kwa pesa zake.

Hasira ilimwagika kwenye duka la Amazon. Kwa siku chache, watu zaidi ya 2,000 waliupa mchezo nyota moja, alama ya chini kabisa. Mwezi huohuo kesi ikafunguliwa California, mlalamikaji akidai kwamba wanunuzi hawakuambiwa waziwazi kuhusu programu hiyo. Kampuni ikapandisha idadi kutoka kompyuta tatu hadi tano.

Na wezi je? Nakala za wizi zilikuwa zimeanza kuzunguka kabla hata ya siku ya mauzo, kufuli likiwa limekwisha kung'olewa. Tovuti ya TorrentFreak ilikadiria kwamba hadi mwisho wa mwaka Spore ilipakuliwa kwa wizi mara milioni 1.7 hivi, kuliko mchezo wowote mwingine wa 2008. Aliyeiba alicheza bila kuulizwa chochote, na aliyelipa akabaki kuhesabiwa mashine zake.

Ugomvi huu haukuanzia hapo. Mwaka 1990, mchezo The Secret of Monkey Island uliuzwa pamoja na gurudumu la karatasi lenye sura za maharamia. Mchezaji alilizungusha ili kupata namba ya kuingilia. Asiye na gurudumu hakucheza, lakini walau karatasi ile haikugusa kitu ndani ya mashine. StarForce, kufuli la Kirusi lililokuja baadaye, liligusa: lilijipachika ndani kabisa ya Windows, na wachezaji wakalilaumu kwa kuharibu kompyuta zao. Watengenezaji wake walikana, lakini Ubisoft ya Ufaransa iliacha kulitumia mwaka 2006.

Ajabu ni kwamba mwaka 2010 kampuni hiyohiyo ya Ubisoft ilileta jambo zito zaidi. Ili kucheza Assassin's Creed II kwenye kompyuta, ilitakiwa intaneti isikatike hata kidogo. Mwezi wa tatu, mitambo yake ilishambuliwa, na walionunua kwa haki wakashindwa kucheza. Huku Kongo mtu haitaji maelezo marefu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilizimwa karibu wiki tatu nchi nzima. Mchezo wa namna hiyo ungelala muda wote huo, hata kwa mwenye risiti mkononi.

Kampuni nazo zina hoja, na si ya uongo. Mchezo mkubwa hula miaka ya kazi ya mamia ya watu, na mauzo mengi hupatikana wiki za kwanza. Kufuli likishika kwa wiki hizo tu, limefanya kazi yake. Ndiyo sababu Denuvo, nalo la Austria, lilipata wateja wengi tangu 2014: baadhi ya michezo iliyolitumia ilikaa miezi bila kuvunjwa.

Ila kufuli hubaki mlangoni hata wezi wakishaondoka. Mwaka 2015 Microsoft ilitoa Windows 10 na kukataa SafeDisc pamoja na matoleo ya zamani ya SecuROM kwa sababu za usalama. CD nyingi halali, zilizotunzwa vizuri kabatini, zikagoma kufunguka. Mwaka huohuo kampuni ya Poland, CD Projekt, iliuza The Witcher 3 kwenye duka lake la GOG bila kufuli lolote, na mamilioni ya nakala zikauzwa duniani. Spore nayo imekuja kuuzwa katika duka hilohilo, bila SecuROM.