Msindikizaji Bila Dawa: Wanaume Weusi wa Marekani na Hesabu ya Kulazwa Upya

Tangu Januari 2024, Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu, inalipia kazi ambayo kwa miaka mingi iliishi kwa ruzuku za wafadhili: kazi ya msindikizaji wa mgonjwa. Huyu si daktari wala muuguzi. Ni mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo ili amfuatilie mwenye maradhi mazito, ampangie miadi, amtafutie usafiri, amkumbushe dawa. Kushindwa kwa moyo ni miongoni mwa maradhi yanayohusika. Wanaoishangilia sera hii hutaja Harlem, na wanaoibeza hutaja Camden. Ninavyoona, pande zote mbili zimesahau kuuliza msindikizaji anampeleka mtu wapi, na akifika huko anapewa nini.

Harlem inajulikana, hivyo sitakaa nayo. Mwaka 1990 daktari wa upasuaji Harold Freeman aliwaweka wasindikizaji katika hospitali ya umma ya mtaa huo, kwa ajili ya wanawake wenye saratani ya matiti. Waliokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa ugonjwa walipanda kutoka asilimia 39 hadi 70. Ila Freeman alileta pia uchunguzi wa bure au wa bei nafuu, na kipande hicho cha habari hupotea kila simulizi inaporudiwa.

Camden, New Jersey, ndiyo silaha ya wapinzani. Timu ya wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya wa jamii iliwafuata hadi majumbani wagonjwa waliolazwa mara kwa mara, na takwimu za awali zilipendeza mno. Kisha Amy Finkelstein na wenzake wakawagawa wagonjwa 800 kwa bahati nasibu na kuchapisha matokeo mwaka 2020: ndani ya siku 180, asilimia 62.3 ya waliohudumiwa na timu walilazwa upya, dhidi ya asilimia 61.7 ya wasiohudumiwa. Aliyelazwa sana mwaka huu kwa kawaida hulazwa kidogo mwakani, awe na msindikizaji au asiwe naye. Jaribio hilo ni safi na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na wanaohitimisha kutokana nalo kwamba usindikizaji haufai kitu. Timu iliweza kupanga miadi. Nyumba ya kuishi na tiba ya uraibu havikuwa mikononi mwake.

Ushahidi ninaoupa uzito zaidi unatoka kwenye maduka ya vinyozi ya Los Angeles. Ronald Victor wa Cedars-Sinai na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliwaandikisha wanaume weusi 319 wenye shinikizo la juu la damu, wateja wa kudumu wa maduka 52 ya vinyozi. Maduka yaligawanywa makundi mawili kwa kura. Katika kundi moja, kinyozi alimhimiza mteja abadili mtindo wa maisha na amwone daktari. Katika jingine, kinyozi alimhimiza akutane na mfamasia palepale dukani, na mfamasia huyo, kwa makubaliano na daktari wa mteja, alipima na kuandika dawa. Baada ya miezi sita shinikizo la sistoli, yaani namba ya juu ya kipimo, lilishuka kwa milimita 27.0 za zebaki penye mfamasia, na 9.3 pasipo naye. Waliofika chini ya 130/80 walikuwa asilimia 63.6 dhidi ya 11.7. Miezi sita mingine ilipopita, pengo lilikuwa bado lipo.

Tuitafakari hesabu hiyo. Kiti cha kinyozi kilikuwepo pande zote mbili, na imani ya mteja kwa kinyozi wake vilevile. Maandiko mengi huegemeza masaibu ya wanaume hawa kwenye kutowaamini madaktari, na utafiti wa Tuskegee wa 1932 hadi 1972, ulioacha wanaume weusi wenye kaswende bila tiba, unatajwa karibu katika kila utangulizi. Historia hiyo ni ya kweli na ni ya aibu, lakini imekuwa pia kisingizio chepesi. Kilichotofautisha makundi yale kilikuwa kalamu ya mfamasia. Hata hivyo, sidhani mfamasia aliyekaa hospitalini akisubiri angewapata wanaume wale. Kinyozi ndiye aliyemfungulia mlango.

Nitaambiwa kwamba wateja wa vinyozi hawakuwa wagonjwa waliotoka wodini. Kweli. Lakini utafiti wa Kirsten Bibbins-Domingo na wenzake wa mwaka 2009, uliofuatilia vijana 5,115 weusi na weupe kwa miaka 20, ulikuta watu 27 waliopata kushindwa kwa moyo kabla ya miaka 50. Weusi walikuwa 26, na shinikizo la damu la ujanani lilikuwa miongoni mwa viashiria vya ugonjwa huo. Kwa waliokwisha kuugua, mchanganyiko wa hydralazine na isosorbide dinitrate ulipunguza vifo kwa asilimia 43 katika jaribio la 2004 la wagonjwa 1,050 weusi, na bado wengi wanaoustahili hawauandikiwi. Msindikizaji anayemkumbusha mtu kumeza dawa ambayo hakuna aliyemwandikia anapoteza muda wa wote wawili.

Kuna pia tatizo la kipimo. Tangu Oktoba 2012 hospitali ambazo wagonjwa wengi kupita kiasi hurudi ndani ya siku 30 hukatwa malipo ya Medicare. Kwa kipimo hicho, jaribio la Shreya Kangovi na wenzake huko Philadelphia, lililochapishwa mwaka 2014, lingehesabiwa limeshindwa, maana wahudumu wa afya wa jamii hawakupunguza idadi ya waliorudi. Lakini miongoni mwa waliorudi, waliorudi tena walikuwa asilimia 15.2 badala ya 40.0. Kundi hilo ni la watu 63 tu, kwa hiyo simjengei mtu ghorofa juu yake. Linatosha kudai jaribio jingine: wanaume weusi waliotoka wodini baada ya kulazwa kwa kushindwa kwa moyo, msindikizaji na mfamasia mwenye ruhusa ya kuandika dawa wakifika pamoja, dhidi ya msindikizaji peke yake, kwa mwaka mzima, na vifo vihesabiwe pamoja na kulazwa. Hadi hapo, malipo ya 2024 yananunua nusu ya kile kilichofanya kazi Los Angeles, na kwa maoni yangu ni ile nusu dhaifu.