Sehemu ya 3: Dekha wa Wajir

Mama zangu, leo tuvuke mpaka hadi Wajir, kaskazini mwa Kenya. Usiku mmoja, koo zikipigana, Dekha Ibrahim Abdi alijificha na mwanawe chini ya kitanda, risasi zinapita. Kulipokucha mama yake akamwambia hata yeye alifichwa hivyohivyo akiwa mchanga. Dekha akaona yatosha, yasifike kwa mjukuu.

Akakaa na wanawake wa koo zote, wakaanzia sokoni: kila mtu auze na anunue bila kuulizwa ukoo. Kisha wakawafuata wazee, na 1993 wakasaini Azimio la Al-Fatah la kuacha vita. Alipata tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki kwa ajali ya gari 2011.

Jamani, siku tutakayoulizana kabila pale Tandika au Tandale kabla ya kununua nyanya, tujue watoto wetu wako njiani kwenda chini ya kitanda.