Ini Jipya Limekubali, Lakini Figo Je?

Mtu wetu akirudi kutoka India na ini jipya, nyumba hujaa. Wazee husoma dua, majirani huja kumjulia hali, na kamati ya mchango hufunga hesabu zake. Kila anayeingia huuliza kama ini limekubali. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kuhusu figo, ilhali wako wagonjwa ambao miaka michache baadaye ini lao ni zima, na figo ndizo zinazowarudisha hospitalini.

Figo huanza kupata taabu kabla hata ya kisu. Ini likishakuwa gumu kwa sababu ya homa ya ini, pombe au mafuta, mtiririko wa damu mwilini huvurugika. Mishipa ya tumboni hutanuka, ile ya figo hujikaza, na figo zikakosa damu ya kutosha. Ajabu ni kwamba figo zenyewe mwanzoni huwa hazina kasoro. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya figo zilizochukuliwa kwa marehemu waliokufa katika hali hii, zikapandikizwa kwa watu wengine na zikafanya kazi. Ndiyo sababu wapo wanaopata ini zuri na figo zao zikaamka. Lakini zikikaa na njaa ya damu kwa muda mrefu, huharibika kikweli.

Upasuaji wenyewe nao una yake. Damu nyingi hupotea, mshipa mkubwa unaopita nyuma ya ini huenda ukabanwa kwa muda, na presha huteremka. Wagonjwa wengine huhitaji mashine ya kusafisha damu kwa siku au wiki kadhaa, kisha wakaachana nayo. Kuachana na mashine hakumaanishi kwamba figo zimerudi kama zamani. Aliyeumia figo wakati huo yuko katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya figo ya kudumu, hasa akiwa na sukari au presha.

Halafu zinakuja dawa. Mwili huliona ini jipya kama mgeni na hutaka kulifukuza, kwa hivyo mgonjwa hupewa dawa za kuituliza kinga, na mara nyingi huzimeza maisha yake yote. Inayotumika zaidi ni takrolimusi, iliyotokana na kijidudu cha udongoni kilichogunduliwa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Nyingine ni siklosporini. Dawa hizi zimeokoa watu wengi mno, lakini hubana vijimishipa vinavyopeleka damu kwenye figo, na miaka ikipita figo huota makovu. Kinacholinda ini ndicho kinachokula figo.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulifuatilia watu zaidi ya 69,000 waliopandikizwa viungo visivyokuwa figo kati ya 1990 na 2000. Kwa waliopata ini, takriban 18 katika kila 100 walikuwa wamepata udhaifu mkubwa wa figo ndani ya miaka mitano. Tukiwachukua wote, waliofikwa na hali hiyo walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara nne ya wenzao.

Tangu wakati huo madaktari wamejifunza kupunguza dozi. Wengine huchelewesha takrolimusi siku za mwanzo, wengine huichanganya na mikofenoleti au evirolimusi ili kiasi chake kiwe kidogo. Huo ni uamuzi wa daktari. Anayejipunguzia mwenyewe nyumbani kwa kuogopa figo anaweza kulipoteza ini.

Kazi ya jamaa ni kuhakikisha vipimo havikatizwi. Damu ipimwe kiasi cha dawa na kreatinini, mkojo upimwe protini, presha na sukari vifuatiliwe. Kreatinini isomwe kwa uangalifu, maana hutokana na misuli. Mgonjwa aliyekonda anaweza kuonyesha namba nzuri na figo zake zimechoka. Nionavyo mimi, kamati ya mchango inayolipa tiketi na upasuaji bila kutenga fungu la vipimo vya miaka inayofuata imefanya nusu ya kazi.

Mengine ni ya madukani na jikoni. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku kwetu watu hununua kwa maumivu ya mgongo kama wanaonunua peremende, huumiza figo hizi haraka. Baadhi ya dawa za viini na za fangasi, kama erithromaisini na flukonazo, hupandisha takrolimusi kwenye damu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Balungi nalo hupandisha, kwa hivyo liachwe kabisa. Mitishamba isiyojulikana kilichomo ni kamari.

Na Ramadhani? Vidonge vingi hivi humezwa kila baada ya saa 12, na kwa joto la pwani mwili hukaukiwa maji mapema. Mwenye figo dhaifu amwone daktari wake tangu Shaaban, kisha amuulize shekhe akiwa na jibu la daktari mkononi. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na kuitumia si upungufu wa imani.