Wafiwa Penye Mlango wa Mwaka Mpya: Fundisho kutoka Nyumba ya Bonhoeffer

Usiku wa tarehe 31 Desemba makanisa yetu hujaa. Washarika huja kwenye ibada ya mkesha kumshukuru Mungu aliyewavusha salama, na shukrani hiyo ni halali. Lakini katika mabenchi yaleyale huketi mjane ambaye mumewe hakuvuka, na wazazi waliomzika mtoto wao mwezi wa Novemba. Kwao usemi wetu kwamba Mungu ametulinda huzaa swali zito: je, yule aliyelala hakulindwa? Mchungaji asiyelijibu swali hili huwaacha wafiwa nje ya ibada, ingawa wamo ndani ya jengo. Katika makala haya tunakusudia kulitazama kwa kufuata historia ya familia ya Dietrich Bonhoeffer, mwanatheolojia wa Kilutheri wa Ujerumani.

Daftari lililonyamaza

Karl Bonhoeffer, baba yake Dietrich, alikuwa profesa wa magonjwa ya akili mjini Berlin tangu mwaka 1912. Alikuwa na desturi ya kuandika katika daftari, kila mwisho wa mwaka, mambo yaliyoipata familia yake. Mwezi wa Aprili 1918 mwanawe wa pili, Walter, alijeruhiwa vitani huko Ufaransa, akafariki tarehe 28 ya mwezi huo. Mama yake, Paula, alivunjika moyo kabisa, na kwa majuma mengi hakuweza kuendesha nyumba yake. Naye baba akaliweka daftari kando kwa muda wa miaka kama 10. Tabibu aliyezifahamu huzuni za wengine hakupata neno la kuandika juu ya huzuni yake mwenyewe.

Dietrich alikuwa mtoto wa miaka 12. Alipopata kipaimara mwaka 1921, mama yake alimpa Biblia iliyokuwa ya Walter, naye akaitumia maisha yake yote. Hivyo kabla hajasoma theolojia, alikwisha kujua jinsi mwaka mpya unavyoingia katika nyumba yenye kiti kitupu.

Pengo lisilozibwa

Dietrich alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943 kwa kuhusishwa na upinzani dhidi ya utawala wa Hitler, akafungwa katika gereza la Tegel. Tarehe 24 Desemba mwaka huo aliwaandikia rafiki yake Eberhard Bethge na mkewe Renate juu ya kutengana na wapendwa. Alieleza kwamba hakuna kitu kinachoweza kuchukua nafasi ya mtu tumpendaye, wala tusijaribu kukitafuta. Tena alikataa wazo kwamba Mungu hulijaza pengo lile. Kwa maoni yake, Mungu huliacha wazi, na kwa njia hiyo ushirika wetu na yule asiyekuwapo hudumu, hata kama ni kwa maumivu.

Fundisho hili linatuonya sisi wahudumu. Mara ngapi tumewaambia wafiwa kwamba mwaka mpya utawasahaulisha? Mara ngapi tumeharakisha faraja kwa sababu sisi wenyewe tumechoka kuyaona machozi?

Desemba 1944

Mwezi wa Oktoba 1944 Dietrich alihamishiwa katika mahabusu ya polisi wa siri, Prinz-Albrecht-Strasse, Berlin. Wakati huo kaka yake Klaus na waume wa dada zake wawili, Hans von Dohnanyi na Rüdiger Schleicher, walikuwa vifungoni pia. Tarehe 19 Desemba alimwandikia mchumba wake, Maria von Wedemeyer, ambaye baba yake na kaka yake waliuawa vitani mwaka 1942. Pamoja na barua hiyo alimpelekea shairi la beti 7 kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazazi na ndugu. Leo shairi hilo limo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, miongoni mwa nyimbo za mwaka mpya.

Inafaa tuutazame mpangilio wake. Mwandishi anakiri kwamba amezungukwa na ulinzi wa Mungu; kisha hafichi kwamba mwaka wa zamani bado unaitesa mioyo yao. Anakubali kukipokea kikombe kichungu kikitoka katika mkono wa Mungu, na bado anaomba furaha ya dunia hii. Hakuahidi kwamba atafunguliwa.

Wala hakufunguliwa. Aliuawa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Klaus, Hans na Rüdiger waliuawa mwezi huohuo. Wazazi walipata hakika ya kifo cha Dietrich tarehe 27 Julai, waliposikia redioni ibada ya kumkumbuka iliyofanyika London.

Hitimisho

Basi, je, ulinzi ule ulishindwa? Tukisoma Warumi 8:38-39 tunaona kwamba Mtume hakusema kifo hakitatugusa. Alisema hakiwezi kututenga na upendo wa Mungu katika Kristo. Kwa hiyo aliyevuka mwaka na aliyelala kabla ya kuuvuka wamo katika mkono mmoja. Tusihesabu ukimya wa Karl, wala kuvunjika moyo kwa Paula, kuwa upungufu wa imani.

Kalenda ya Kanisa yenyewe imewapa wafiwa nafasi: tarehe 28 Desemba tunawakumbuka watoto wa Bethlehemu na kilio cha Raheli, kabla ya kufika tarehe 1 Januari, sikukuu ya Jina la Yesu. Tunashauri kwamba katika mkesha majina ya washarika waliofariki mwaka huo yasomwe kabla ya sadaka ya shukrani, na Zaburi ya 90 iombwe pamoja nao waliofiwa. Kisha mwezi wa Januari, matanga yakiwa yamekwisha na wageni wamerudi kwao, mchungaji aende akabishe hodi. Asiende na maelezo mengi. Akae nao, alitaje jina la marehemu, na kuomba.