Kutoka Kitabu cha Karani hadi Mizani Iliyounganishwa: Kumbukumbu na Umiliki katika Maghala ya Kahawa ya Moshi

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu teknolojia ya kisasa katika maghala hutawaliwa na mifano ya nchi zenye viwanda vikubwa. Mwaka 2012 kampuni ya Amazon ilinunua kampuni ya Kiva Systems, iliyotengeneza roboti za kubeba rafu, na tangu hapo ghala la kisasa limekuwa likichorwa kama jumba kubwa lenye mashine nyingi na wafanyakazi wachache. Picha hiyo haitoshi kueleza ghala la kahawa la Moshi. Hapa suala la msingi halijawa upungufu wa mikono ya kubeba magunia. Suala limekuwa uthibitisho: gunia hili ni la nani, lina uzito gani, lina ubora gani, na mwenyewe atalipwa lini.

Jiografia ya mji inaeleza sababu. Majengo, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Moshi, iko mjini, chini ya mlima. Kahawa hulimwa juu, katika vihamba vya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Kati ya kihamba na mnada kuna maghala ya aina mbili, yaani ghala la chama cha msingi kijijini na ghala la mjini. Gunia linaposhuka kutoka la kwanza kwenda la pili, mkulima hubaki na kumbukumbu tu. Insha hii inajenga hoja kwamba teknolojia iliyounganishwa kwa mtandao ni hatua ya karibuni katika historia ndefu ya kugombea kumbukumbu hiyo, na kwamba inatatua vizuri zaidi mgogoro wa uzito kuliko mgogoro wa jina.

2.0 Karatasi kama Dai, 1925–1976

Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, na Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa na vyama vya msingi vilivyotapakaa mlimani. Utaratibu wake ulikuwa mkulima kupeleka kahawa ya maganda katika ghala la chama, karani kuipima na kuandika kitabuni, na mkulima kukabidhiwa stakabadhi. Kisha kahawa ilishushwa mjini kukobolewa, kupangwa kwa madaraja na kuuzwa.

Umuhimu wa stakabadhi hiyo ulitokana na namna ya kulipa. Mkulima alipokea malipo ya awali, na salio lilifuata baada ya kahawa kuuzwa. Kwa hiyo alikabidhi zao lake bila kujua bei kamili, na kwa miezi kadhaa mali yake ilikuwa ni karatasi. Ghala lilikuwa mahali ambapo kahawa iligeuka kuwa dai.

Kwa mtazamo huu machafuko ya mwaka 1937 yanaeleweka vizuri zaidi. Bei ilikuwa imeshuka, na wakulima walilazimishwa kuuza kupitia ushirika pekee. Hasira yao haikuishia katika hotuba na mashauri ya mahakamani. Baadhi ya majengo ya vyama vya msingi yalishambuliwa. Ghala lilikuwa ndiyo sura ya karibu ya mfumo ambao mkulima hakuweza kuukagua. Mizani ilikuwa mbele yake, lakini hesabu iliyofuata ilifanyika asikoweza kuona.

3.0 Kumbukumbu Kukatika na Kurudishwa, 1976–2005

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukahamia katika vijiji na mamlaka za umma. Vyama vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na KNCU ikarudi mwaka 1984. Hata hivyo, miaka iliyopita katikati ilikata mfululizo wa madai. Mkulima mwenye kumbukumbu katika chombo kimoja alijikuta akiuza kwa chombo kingine.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na msimu wa 1994/95, soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mnunuzi alifika karibu na kihamba na kulipa taslimu papo hapo. Kwa familia iliyohitaji ada ya shule, huo ulikuwa unafuu wa kweli. Lakini malipo ya papo hapo yaliondoa stakabadhi na, pamoja nayo, dai la malipo ya pili. Aidha, kahawa za vihamba vingi zilichanganywa pamoja, na asili ya gunia ikapotea kabla halijafika mjini.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala, Na. 10 ya mwaka 2005, ilirudisha karatasi kwa nguvu mpya. Stakabadhi chini ya sheria hiyo ina sehemu mbili: hati ya umiliki na hati ya rehani. Mwenye mzigo anaweza kuuza kwa kutumia ya kwanza, na kukopa benki kwa kutumia ya pili, bila gunia kusogezwa. Kuanzia msimu wa 2018/19 serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ipitie tena katika vyama vya msingi. Ghala la kijiji likarudi kuwa mlango mkuu.

4.0 Ghala Lililounganishwa

Teknolojia mpya imeingia kupitia mlango huo. Mizani ya kidijitali imeanza kuchukua nafasi ya mizani ya zamani katika vyama vya msingi vya mazao mbalimbali nchini. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa vyama, unaojulikana kama MUVU. Mizani ikiunganishwa na mfumo, uzito hauandikwi upya na karani. Husafiri wenyewe hadi kwenye kumbukumbu, na mkulima anaweza kupata ujumbe wa simu. Vipima unyevu navyo vina kazi mahususi. Kahawa ya maganda huhifadhiwa ikiwa na unyevu wa takriban asilimia 12, na ikizidi sana hupata ukungu na kupoteza daraja. Kifaa kinachotuma taarifa mfululizo hueleza pia ni lini na katika ghala lipi ubora ulianza kuharibika, jambo ambalo zamani lilibaki kuwa la kulaumiana.

Msukumo mwingine unatoka nje. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao yasiyotokana na ukataji misitu inataka kahawa iambatane na taarifa za mahali ilipolimwa, na kwamba shamba halikutokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja ya ramani inatosha. Vihamba vingi ni vidogo kuliko hapo, hivyo mzigo wa upimaji ni mwepesi. Mzigo mzito uko ghalani, kwa sababu kahawa yenye taarifa haiwezi kuchanganywa na isiyo nazo. Kile ambacho biashara ya miaka ya 1990 ilikipoteza, yaani asili ya gunia, sasa ndicho sharti la soko.

Hapa ndipo suala la jina linapojitokeza. Kihamba kwa desturi hurithiwa kwa upande wa wanaume, na mara nyingi jina la mwanachama ni la mwenye kihamba. Wanawake wengi huchuma, humenya na kuanika kahawa hiyo, na wakati mwingine ndio wanaoipeleka ghalani. Enzi ya kitabu, karani aliyewafahamu wanakijiji angeweza kumpa mke au mjane fedha kwa maelewano. Maelewano hayo yalikuwa na hatari ya upendeleo, lakini yalikuwa na nafasi ya ubinadamu. Mfumo hautambui maelewano. Hulipa akaunti iliyosajiliwa. Kosa la usajili, ambalo zamani lingerekebishwa mezani, sasa hujirudia kila msimu kwa usahihi uleule.

5.0 Hitimisho

Historia ya maghala ya Moshi inaonesha kwamba mkulima amekuwa akiuliza jambo lilelile chini ya KNCU, chini ya mamlaka za umma na chini ya soko huria: je, anaweza kuona kumbukumbu inayobeba mali yake, na kuipinga? Mizani iliyounganishwa inamjibu vizuri kuhusu kilo. Kuhusu umiliki, jibu linategemea maamuzi yasiyo ya kiufundi: nani anasajiliwa, iwapo kihamba kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, na nani kijijini ana mamlaka ya kusahihisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe. Haki hiyo itakuwa na maana mlimani pale tu itakapoweza kudaiwa kwenye dirisha la chama cha msingi, kwa lugha ya mkulima, kabla kahawa haijashuka mjini.