Mtu wa madebe ya maziwa: walikotoka wataalamu wa kusuluhisha ugomvi kazini

Ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Marekani ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya foleni. Kituo cha kupokelea maziwa kilikuwa kimejengwa kwenye mteremko. Waliokuja wakishuka mlima walidai wao ndio wa kwanza kushusha madebe yao. Waliokuja wakipanda nao walidai haki hiyohiyo. Kila asubuhi ikawa maneno. Njia mbili zilijulikana: upande mmoja uwe na nguvu kuliko mwingine na ushinde, au wagawane hasara, leo nyie mtangulie, kesho sisi. Ndipo wakamwomba ushauri mtu wa nje, mtu ambaye kupatanisha watu kulikuwa karibu ndiyo kazi yake. Akawaonyesha kwamba jukwaa la kushushia lingeweza kuhamishwa kidogo, wanaopanda na wanaoshuka washushe madebe kwa wakati mmoja. Walipoonyeshwa, wakakubali mara moja.

Mwanamke aliyesimulia kisa hicho mwaka 1925, mbele ya mameneja wa makampuni mjini New York, aliitwa Mary Parker Follett. Jina la yule mtu wa nje hakulitaja. Namtaja Follett hapa kwa sababu ni mmoja wa mababu wa taaluma ambayo leo imejaa kwenye kumbi za hoteli zetu: wakufunzi wanaoitwa maofisini kufundisha mawasiliano na utatuzi wa migogoro. Mwenye kazi ya mshahara mjini huenda amewahi kukaa mbele ya bangokitita lao na kalamu ya bure mkononi. Ni wachache walioelezwa mafunzo hayo yalizaliwaje, na nadhani kutojua huko ndiko kunakofanya tukubali semina zilizopungukiwa kiini.

Follett alizaliwa Quincy, Massachusetts, mwaka 1868. Hakuwa mtu wa viwandani. Miaka mingi aliifanyia kazi Roxbury, mtaa wa Boston, akipigania majengo ya shule yafunguliwe jioni ili wakazi wawe na pa kukutania. Baadaye aliketi kwenye bodi za kupanga kima cha chini cha mshahara, na huko ndiko alikowasikiliza waajiri na wafanyakazi wakivutana mezani, hoja kwa hoja. Aliyoyaona hapo ndiyo aliyowapelekea mameneja wa New York.

Aliwaambia kwamba mgongano ni tofauti tu, wala si uovu, na kwamba tofauti inaweza kufanyishwa kazi. Mfano wake ulikuwa msuguano. Fundi wa mitambo huupunguza msuguano pale unapokula vyuma, lakini bila msuguano mkanda hauwezi kuzungusha puli, wala fidla haitoi sauti. Ugomvi, alisema, humalizwa kwa njia tatu: mmoja amshinde mwenzake, wote wapunguze madai yao, au lipatikane jambo la tatu ambalo ndani yake kila mmoja anapata alichokihitaji kweli. Akatoa mfano wa chumba kidogo cha maktaba ya Harvard. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka libaki limefungwa. Wakafungua la chumba cha pili, ambacho hakikuwa na mtu. Mwenzake alikuwa akihitaji hewa. Yeye hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Hakuna aliyeacha kitu.

Wapo wanaouona mfano huo mdogo mno. Mimi nauona umebeba taaluma nzima, kwa sababu unamlazimisha mtu atenganishe anachokidai na anachokihitaji. Follett alifariki Boston Desemba 1933, na baada yake jina lake likazama kwa miongo mingi. Mawazo yake yaliendelea kutembea kwa miguu ya watu wengine.

Mwaka huohuo wa 1933, mwanasaikolojia Myahudi aliyeitwa Kurt Lewin aliikimbia Ujerumani ya Hitler. Alizaliwa Mogilno, mji ambao sasa uko Poland, na alipigana vita vya kwanza vya dunia kama askari wa Ujerumani. Mama yake alibaki Ulaya na kuuawa katika kambi za Wanazi. Mtu aliyepitia hayo hakuwa akitafiti migogoro ya makundi kwa ajili ya kupandishwa cheo chuoni.

Kuanzia mwaka 1939 Lewin alikuwa mshauri wa Harwood, kiwanda cha kushona pajama huko Marion, Virginia. Mwenye kiwanda, Alfred Marrow, alikuwa mwenyewe amesomea saikolojia. Hapo ndipo ilipotokea kesi ambayo ningependa kila msuluhishi aijue. Fundi wa cherehani alikuwa akigombaniwa. Mashine zilipoharibika kwa wakati mmoja katika vitengo tofauti, kila msimamizi alitaka zake zitengenezwe kwanza. Maneno yakapita huku na huku, mtu akasikia ameitwa mwongo, na jambo likafika hatua ya watu kutaka kuacha kazi.

Mwanafunzi wa Lewin, Alex Bavelas, hakuwakusanya wahusika chumba kimoja ili kutafuta nani mwongo. Alianza kwa kuzungumza na fundi peke yake, akaenda kwa wasimamizi, kisha akawafuata wanawake walioketi nyuma ya cherehani. Nao wakatoa utaratibu: mashine zikiharibika pamoja, ianze ile ambayo kusimama kwake kunakwamisha kazi zaidi, na zikiwa sawa, aliyewahi ndiye atangulie. Fundi aliukubali, wasimamizi wakaukubali. Swali la nani mwongo likafa lenyewe, kwa kuwa hakuna aliyelihitaji tena. Lewin aliichapisha kesi hiyo mwaka 1944.

Kiwanda hichohicho kilitoa na takwimu. Lester Coch na John French walichapisha mwaka 1948 matokeo ya jaribio lao juu ya kubadilisha taratibu za kazi. Kundi lililotangaziwa tu mabadiliko, ugomvi na wakuu ulianza mara moja na asilimia 17 ya wafanyakazi wake waliacha kazi ndani ya siku 40. Katika makundi ambayo kila mfanyakazi alishiriki kupanga mabadiliko, hakuna aliyeacha, na uzalishaji ulipanda hadi kama asilimia 14 juu ya ulivyokuwa kabla.

Lakini semina yenyewe, ile ya viti kupangwa duara, ilizaliwa kwa bahati. Kiangazi cha mwaka 1946 tume ya serikali ya jimbo la Connecticut iliyoshughulikia mahusiano ya rangi ilimwomba Lewin asaidie kuwafundisha walimu, wafanyakazi wa ustawi wa jamii na viongozi wa mitaa namna ya kupambana na ubaguzi. Walikutana katika chuo cha ualimu mjini New Britain. Mchana washiriki walijadiliana katika vikundi vilivyoongozwa na Leland Bradford, Kenneth Benne na Ronald Lippitt, huku watafiti wakikaa pembeni na kuandika nani kasema nini na nani kanyamaza. Jioni wakufunzi na watafiti walikutana peke yao kusoma walichokiandika.

Jioni moja washiriki wachache waliokuwa wakilala hapo chuoni waliomba nao waingie. Baadhi ya watafiti waliona si vizuri. Hebu fikiri: ni taarifa zinazowahusu watu hao wenyewe, zimeandikwa bila kuwalainishia maneno. Lewin akasema waingie. Mtafiti mmoja akaanza kusoma jinsi mama fulani alivyoonekana kwenye mjadala wa asubuhi, na mama huyo yupo, anasikia. Akamkatiza: haikuwa hivyo. Akaeleza yeye alivyoyaona mambo yale. Wengine wakaingilia, kila mmoja na alivyoona. Chumba kikachangamka. Jioni zilizofuata karibu washiriki wote walikuja, na ikadhihirika kwamba walikuwa wakijifunza zaidi usiku kuliko mchana.

Kitendo hicho wakakipa jina walilolitoa kwa wahandisi, na sisi Kiswahili tumekiita mrejesho. Leo neno limechakaa. Meneja anampa mfanyakazi mrejesho, maana yake anamkaripia kwa sauti ya chini. Mrejesho wa New Britain ulikuwa kinyume cha hapo: aliyeandikwa aliingia chumba cha walioandika, akasikia alivyoandikwa, na akabisha.

Lewin hakuyaona matunda. Alifariki ghafla Februari 12, 1947, akiwa na miaka 56. Kiangazi cha mwaka huo wenzake walifungua mafunzo ya kwanza katika mji mdogo wa Bethel, jimbo la Maine, na kutoka hapo makampuni makubwa ya Marekani yakaanza kupeleka mameneja wao. Miaka ya 1960 ilipofika vikundi vya aina hiyo vilikuwa vimeenea, vingine vikiendeshwa na watu wasio na ujuzi, na watu wakaumizwa. Utafiti wa Lieberman, Yalom na Miles uliotoka mwaka 1973 ulionyesha kwamba baadhi ya washiriki waliondoka na majeraha ya nafsi. Taaluma ikarudi kwenye vitu salama zaidi. Mwaka 1974 Kenneth Thomas na Ralph Kilmann walitoa dodoso linalopima mtu hupendelea ipi kati ya njia tano za kukabili mgogoro: kushindana, kukwepa, kukubali yaishe, kukutana katikati, au kushirikiana. Msomaji atazitambua njia tatu za Follett humo ndani. Naye Marshall Rosenberg, aliyeshuhudia akiwa mtoto ghasia za rangi za Detroit za mwaka 1943, alifundisha lugha isiyojeruhi akiwa na vikaragosi viwili mkononi, mbweha anayehukumu na twiga anayesikiliza. Twiga alimchagua kwa sababu ya ukubwa wa moyo wake.

Mbinu hizi zimewahi kuigusa Afrika Mashariki kwa njia ambayo wengi hawaijui. Agosti 1969 Leonard Doob na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaalika Wakenya 6, Wasomali 6 na Waethiopia 6 katika hoteli ya Fermeda, milimani kaskazini mwa Italia. Jambo lilikuwa mipaka. Vita vya Shifta, kati ya Kenya na waasi Wasomali wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, vilikuwa vimetulizwa kwa makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, lakini mzizi ulibaki ardhini. Kati ya wakufunzi alikuwemo Richard Walton, mtaalamu wa majadiliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Watu wa kiwandani walikuwa wameitwa kupatanisha nchi.

Siku za mwanzo washiriki walikaa vikundi viwili vya mchanganyiko, wakijifunza kusikilizana kwa mtindo wa Bethel. Kisha wakaingia kwenye mipaka yenyewe. Kila kikundi kikatoa pendekezo lake la suluhu. Walipokutana wote 18 ili kupata pendekezo moja, wakashindwa. Walikuwa wamejenga imani ndani ya vikundi, na imani hiyo haikuvuka mlango wa ukumbi. Oktoba mwaka huohuo Rais Sharmarke wa Somalia aliuawa, na siku chache baadaye Siad Barre akashika madaraka. Hata kama Fermeda ingetoa makubaliano, serikali ya Mogadishu waliyotarajia kuyapelekea isingekuwepo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema semina ya siku mbili itabadilisha ofisi. Mfanyakazi hurudi kwa bosi yuleyule, foleni ileile, fundi mmoja wa mashine nyingi. Tanzania, ugomvi ukishaiva, sheria inao mlango wake: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambako msuluhishi hupewa siku 30. Wengi wanaofika hapo wameshaachishwa kazi. Muda wa mtu wa madebe ya maziwa ulikuwa kabla ya hapo, jukwaa lilipokuwa bado linaweza kuhamishwa.

Nina ombi kwa maafisa utumishi wanaoandaa semina hizi. Kabla ya kusaini mkataba, mwulizeni mkufunzi mambo mawili. Atazungumza na nani kabla ya siku ya semina? Na taarifa atakayoiandika baadaye itasomwa na nani? Akijibu kwamba ni menejimenti peke yake, tafuteni mwingine.